Pipa Linalolala Mlangoni

Kila Jumamosi kuna mtoto mmoja kati yenu anayejaribu kulisimamisha. Anafika karakana, anaona pipa la bluu limelala mlangoni, limekabwa kwa mawe lisibingirike, naye anadhani limeanguka. Kwa kuwa amelelewa vizuri kwao, anaweka mzigo wake chini, anakunja mikono ya shati na kuanza kuliinua. Hapo ndipo ninapopiga kelele. Jumamosi iliyopita alikuwa mdogo wangu mwenye kaptula nyekundu, nami nilimshtua hadi akaiangusha redio aliyokuja nayo. Nisamehe, mdogo wangu. Bahati njema redio yenyewe ulikuwa umekwisha kuiharibu nyumbani.

Basi nimeona niwaandikie habari ya pipa hilo, msome wote, nami nipumzishe koo.

Mnaniita Papa Kerozini, na wale wa mtaani kwetu mnaniita Yaya, kama kaka mkubwa. Yaya ndiyo inayonifaa zaidi. Sina mvi hata moja. Mimi ni mstaafu kijana: nimeacha kazi ya uwanja wa ndege kabla sijaota kitambi, kwa sababu ya masikio. Daktari alichungulia ndani kwa taa ndogo, akasema jambo, mke wangu akalirudia kwa sauti kubwa: "Amesema, wewe na injini, basi." Nilimuuliza daktari kama anaweza kuniachia walau injini moja ndogo. Daktari alicheka. Mke wangu hakucheka.

Kazi yangu ilikuwa kunywesha ndege mafuta yake, kerozini. Shule ilinishinda mapema, sifichi, lakini macho yangu yalikuwa juu siku zote. Nilipita mtaani nikitazama mawingu hadi nikaingia mtaroni, na si mara moja. Kampuni ndogo iliyonichukua ilikuwa na ndege ya propela moja iliyokwenda Manono, Kongolo na Moba. Mafuta yake yalikuja kwa mapipa, kwa meli, hadi hapa Kalemie kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Mimi niliyapokea na kuyapampu kwa mkono hadi kwenye bawa. Watu walidhani ni kazi ya nguvu. Ni kazi ya wasiwasi. Mafuta ya ndege yana adui mkubwa, na si moto kama mnavyofikiri. Ni maji. Maji yakifika kwenye injini wakati ndege iko juu ya ziwa, injini inakohoa, na kule juu hakuna mahali pa kuegesha.

Ndiyo maana kila asubuhi nilipiga magoti chini ya bawa, nikafungua kibomba kidogo, nikakinga mafuta katika bokali, ile chupa ya kioo yenye mdomo mpana, nikaiinua juani. Maji ni mazito kuliko mafuta. Yakiwepo yanakaa chini, na kati yake na mafuta unaona mstari mwembamba kama uzi. Ukiona mstari, ndege hainyanyuki. Usipouona, nenda salama. Hivyo nilifundishwa, na hivyo niliamini mpaka siku nitakayowasimulia.

Lakini kwanza Papa Stani, maana bila yeye hamtaelewa kitu.

Papa Stani alikuwa fundi mkuu wetu, mtu wa Mpala, mrefu, ovaroli yake imepigwa pasi hadi mistari. Kabla ya kugusa injini alinawa mikono kama padri kabla ya misa, na akimaliza alinawa tena. Aliongea na bolti. Akiikaza aliiambia, "Kaa hapo," nayo ilikaa. Alinifundisha kuvua pete, kutoweka kitambaa mfuko wa nyuma, na kuhakikisha spana zote ziko mahali pake kabla ya kufunga kifuniko cha injini, kwa sababu spana uliyoisahau ndani itajikumbusha yenyewe huko juu. Alinifundisha pia kupima watu.

Hii mtaicheka. Ndege ndogo haimbebi mtu kwa sura yake, inambeba kwa kilo, kwa hiyo kila abiria alipanda mizani na mfuko wake. Siku yangu ya kwanza nilisoma kilo za mama mmoja kwa sauti, mbele ya watu. Mama akashuka taratibu, akaniuliza, "Mutoto, kwenu munapimaka mama yako namna ya mbuzi?" Tangu siku ile niliwanong'oneza. Tena kulikuwa na papa mmoja mfanyabiashara aliyekuja amevaa koti juu ya koti, jua la Kalemie linawaka, jasho linamtiririka. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema ni malaria. Alipopanda mizani, mifuko ya makoti ikaanza kumwaga ndagala wakavu, mmoja mmoja, juu ya sementi. Papa Stani aliwatazama wale samaki, akasema, "Malaria ya namna hii inaponaka na ugali."

Feza alikuja kwetu kufanya staji, mafunzo ya kazi, akiwa bado binti wa shule ya ufundi. Mama yake anauza mawese sokoni. Mnamjua Mama Feza, na kama hamumjui mmekwisha kula mafuta yake. Feza alikulia katikati ya mapipa ya mawese yanayokuja kwa treni kutoka upande wa Kongolo. Alikuwa mwembamba, mwenye maswali mengi. Na hanga letu, banda la ndege, wakati ule lilikuwa na mlango mwembamba kuliko linavyoonekana: waliingia watoto wa wafanyakazi, au watoto wa rafiki za wafanyakazi, na wote wavulana. Papa Stani alimtazama yeye, kisha akamtazama mwalimu aliyemleta.

"Huyu atafanya nini hapa?"

"Ile utanipa, Papa," Feza akajibu mwenyewe.

Akampa ufagio.

Feza alifagia kama mtu anayesoma. Kila kilichokuja mbele ya ufagio alikiinua, akakigeuza, akakiuliza kimetoka wapi. Asubuhi moja alimletea Papa Stani skrubu ndogo kiganjani. "Papa, hii ni ya nani?"

"Ya nani namna gani?"

"Nimeiokota chini ya mkia. Kuna pahali huko juu panaililia."

Papa Stani akapanda ngazi, akakuta tundu tupu. Aliposhuka hakusema aksanti. Kesho yake ufagio alinipa mimi.

Nilimpenda Feza kama dada kuanzia hapo. Mchana tulikula mihogo pamoja nyuma ya hanga. Siku moja alikata bawa dogo kwenye katoni ya sabuni, akalikunja mgongo kidogo, akanipeleka ufukweni upepo wa ziwa ulipokuwa unavuma. "Funga macho, Yaya. Shika, usilisukume." Nilishika. Lile bawa la katoni likaanza kunivuta mkono kwenda juu, polepole, kama mtoto anayetaka kubebwa. Miaka yote nilikuwa nanywesha ndege, sikuwahi kujua inavyojisikia kuwa bawa. Machozi yalinitoka. Feza akadhani ni mchanga.

Kisha ikaja habari kwamba kampuni itampeleka mtu mmoja kwenye shule ya mafundi wa ndege, mbali, na Papa Stani ndiye atakayemtaja. Nafasi ilikuwa moja tu, na tulioitamani tulikuwa wawili, Feza na mimi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwaambia mtaa mzima. Nilikuwa hata nimeazima tai. Feza hakumwambia mtu, ila siku moja tukiosha vichujio aliniambia: "Nikikosa mimi, siyo mimi peke yangu nimekosa. Papa Stani atasema wasichana wamekwisha kujaribu, basi. Mlango utafungwa, wadogo zangu wote wakiwa nje nyuma yangu." Mimi nilikuwa nafikiria tai, yeye alikuwa anafikiria watu.

Ilikuwa majira ya mvua. Papa Stani alikuwa Kabimba kwenye matanga ya ndugu yake. Meli ikaleta mapipa, nami nikabaki bandarini kupokea yaliyosalia. Wapagazi waliyafikisha yale ya kwanza hanga, wakayatupa nyuma ya ukuta, mengine huku, mengine kule. Feza aliona fujo ile, ikamwuma. Akawasihi wapagazi wakayasimamisha yote, mstari mmoja, vifuniko juu, akayapangusa kwa kitambaa. Nilipofika nilimsifu. Kwetu mapipa yalilazwa siku zote, lakini mimi nilidhani ni kwa sababu lililolala ni rahisi kulibingirisha.

Mvua ikanyesha juu yake siku baada ya siku.

Papa Stani alirudi asubuhi ya safari ya Kongolo, akapanda ngazi moja kwa moja kwenda kwa injini yake. Mimi nilipampu. Abiria walikuwa wamekwisha kupimwa: padri mmoja, mfanyabiashara wa viatu, mama mwenye kuku kikapuni, na wengine. Nikapiga magoti chini ya bawa, nikakinga bokali, nikaiinua juani. Ilikuwa nyeupe, safi, bila mstari wowote. Nilimwonyesha rubani wetu, tuliyemwita Komanda, akainua kidole gumba. Papa Stani akatazama kutoka ngazini. "Safi," akasema. Nikampa Feza bokali akaimwage.

Feza alikuwa ametoka kupaka grisi magurudumu, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Kidogo kikamwagikia mkononi. Sasa sikilizeni vizuri, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Kerozini inakula grisi. Ikigusa mkono mchafu inauosha, inaacha njia. Ile haikuosha kitu. Ilijikusanya vishanga vishanga juu ya grisi, ikabingirika, ikaanguka chini kama umande kwenye jani la ndizi.

"Yaya," akaniita. "Nusa hii."

Nikanusa. Kerozini. Lakini kwangu kila kitu kilinuka kerozini, hata sombe, kisamvu cha mke wangu. Feza akamimina tena kwenye mkono wa pili. Vishanga vilevile. Bokali haikuwa na mstari kwa sababu ilikuwa maji matupu, kutoka chini mpaka juu.

Akageuka akatazama mapipa yake yaliyosimama, na madimbwi ya mvua juu ya vifuniko. Niliona anavyoelewa, jambo moja baada ya jingine. Abiria walikuwa wamekwisha kuanza kutembea kwenda kwenye ndege.

"Nitasema ni wapagazi waliyasimamisha," nikamwambia.

"Hapana. Wapagazi walinisaidia tu."

Akaenda mbele ya Komanda, mikono yake ile imening'inia. "Komanda, ndege isiende. Ndani ya mafuta kuna maji. Na mapipa, njo mimi, ni mimi niliyasimamisha."

Pakawa kelele. Mfanyabiashara wa viatu akauliza, "Sasa mutoto wa staji njo anakataza ndege?" Mama wa kuku akasema, "Hata kuku wangu alikuwa amekwisha kujipanga." Padri aliketi juu ya sanduku lake, akafungua kitabu cha sala. Papa Stani alishuka ngazi, akaichukua bokali, akamimina kwenye dole gumba lake lenye grisi, akatazama vishanga vikibingirika. Akawaambia abiria, "Leo safari hakuna." Akaniambia mimi, "Tumwage yote." Kisha akampa Feza mgongo.

Tulimwaga siku nzima. Tukalaza mapipa, moja moja, na hapo ndipo Papa Stani alipotueleza sababu yake. Pipa linapumua. Jua likilichoma, hewa ya ndani inatanuka inatoka. Usiku ukiingia baridi, linavuta pumzi ndani. Likiwa limesimama na mvua imekaa juu ya kifuniko, linavuta yale maji. Ndiyo maana linalazwa, vifuniko viwili vikae sawasawa kushoto na kulia, ili mafuta yenyewe ya ndani yazibe njia. Alisema yote hayo bila hasira. Afadhali angekasirika. Mwisho akanawa mikono, akasema akitazama ndoo, "Nilikuwa na jina moja kichwani. Sasa sijui tena."

Feza alikwenda kwao bila kugusa mihogo.

Asubuhi yake alikuja na mama yake. Mama Feza alikuwa na bidoni, dumu la mawese, kichwani, na kikwembe, kitenge cha kwenda kanisani, kiunoni. Alisalimia kila mtu, hata propela, kisha akashusha bidoni mbele ya Papa Stani.

"Papa, nimesikia mutoto wangu ameharibu mafuta yenu. Nimeleta haya."

"Mama, ndege hainywaki mawese."

"Basi utakula wewe na sombe."

Kisha akatupa jicho nyuma ya hanga. Nikamwona anakunja uso.

"Na haya nani ameyalaza? Muko wazee wazima hapa, mapipa yanalala namna ya walevi wa sikukuu?"

"Mama, acha," Feza akasema, akajifunika uso.

"Niache nini? Sikukufundisha? Pipa linasimama, uchafu unashuka chini, mafuta mazuri yanabaki juu. Mutu akipita anaona hii nyumba iko na wenyewe." Akakaza kikwembe kiunoni, akashika pipa la kwanza, hili la bluu, akaanza kuliinua. Ana nguvu Mama Feza. Papa Stani alikimbia, mara ya kwanza kumwona anakimbia, akalikamata upande wa pili. Yeye anasukuma chini, mama anavuta juu.

"Lilale, Mama, tafadhali."

"Lisimame."

"Mama, hili si lako."

"Hata kama si langu, litasimama."

Mimi nilikwisha kukaa chini kwa kicheko. Halafu nikaona bega la Papa Stani linatikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, bila sauti, mpaka akaliachia pipa na kulikalia lisiinuke. Akamwomba Mama Feza akae upande wa pili, amweleze mawese yanavyotunzwa. Mama akaeleza. Papa Stani naye akaeleza habari ya pumzi, jua na baridi. Mama alisikiliza mikono kiunoni, kisha akasema, "Kumbe. Mawese ni mazito, hayana haraka. Haya yenu ni mepesi namna ya watu wa mujini."

Papa Stani akamgeukia Feza. "Mimi nilifikiri ulifanya ovyo. Kumbe ulifanya kazi ya mama yako, tena uliifanya muzuri, ila juu ya mafuta yasiyo yake. Mutu wa namna ile anafundishika. Na ile ya kusema 'njo mimi' mbele ya Komanda, hiyo sijui inafundishwa wapi. Utakwenda wewe."

Mama Feza ndiye aliyelia, akilipangusa pipa kwa ncha ya kikwembe, chozi likianguka tena pale alipopangusa.

"Na mimi, Papa?" nikauliza.

"Wewe na ile tai yako? Baki hapa. Nani atawanong'oneza wamama kilo zao?"

Iliniuma, nitadanganya nini. Iliniuma mpaka nilipomtazama Feza, ambaye mikono yake bado ilikuwa na weusi wa grisi kwenye kucha, na nikaona ni nani hasa aliyekuwa amepewa nafasi ile: yeye, na wadogo zake wote nyuma yake. Tai niliirudisha kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Ilikuwa inanikaba hata hivyo.

Mengine mnayajua. Feza alimaliza shule ile, akaenda nyingine mbali zaidi, na sasa ni enjinia kamili. Yumo katika kundi linalotengeneza ndege ndogo zisizo na rubani, za kupeleka damu na dawa mahali ambapo barabara imekatika. Nilipomuuliza kazi yake hasa ni nini, alisema ni kufikiria namna kitu kitakavyoharibika kabla hakijaharibika. Anajua mambo yanayonizunguka kichwa mimi, lakini nikimwuliza swali la kijinga hanicheki. Anatafuta katoni na mkasi.

Alipokuja likizo ya kwanza alikwenda Mpala kumsalimu Papa Stani, anayelima mihogo sasa na kuiambia ikae hapo. Aliporudi akaomba stoo ya zamani nyuma ya hanga, ndiyo karakana yenu hii. Watu walimshauri achague watoto wenye alama nzuri. Akakataa. Wakasema basi walau wale wanaojulikana kwao. Akakataa zaidi. Aliweka sharti moja tu, mnalijua: kila anayetaka kuingia alete kitu alichokiharibu mwenyewe, aseme mbele ya wenzake, "Njo mimi," kisha aeleze alikiharibu vipi. Hakuna mtoto Kalemie aliyekosa cha kuleta. Mmekuja na pasi, pampu za baiskeli, cherehani ya shangazi. Yule binti wa Kabimba alileta feni aliyoigeuza propela ikakata pazia la mama yake. Leo yeye ndiye anayewasahihisha ninyi nyote hesabu za bawa. Kuna Jumamosi nahesabu wasichana wengi kuliko wavulana, halafu naacha kuhesabu, maana machozi yangu yako karibu.

Na mlipoingia siku ya kwanza mliwekewa bokali mbili, zote nyeupe, zote safi, mkaulizwa mngepanda ndege ya ipi. Wengi mlitazama tu. Sasa mnajua kwa nini karibu yake kulikuwa na kopo la grisi.

Basi liacheni pipa lilale. Lina sababu nyingine, yangu mwenyewe. Huwa mnashangaa Papa Kerozini asiyesikia hata akiitwa jina anajuaje ndege inakuja kabla yenu. Sijui kwa masikio. Pipa ni tupu na limelala. Ndege ikigeuka juu ya ziwa kutafuta uwanja, bati lake linatetemeka, kidogo sana, nami nimelikalia, viganja vyangu viko juu yake. Injini ambazo daktari alininyima, pipa linaniletea.

Jumamosi hii Feza anakuja. Msikimbie kuniambia. Mtakapoinua macho kutafuta ndege, mtanikuta nimekwisha kusimama.